Katoni 412 nyuma ya kreti tupu

Kuna swali naulizwa sana na wenzangu wa viwandani, hasa hawa wanaoanza kushika vitabu vya stoo, wananiambia dada mbona watu wa ushuru wanatupiga adhabu kwa mzigo ambao haujatoka hata getini, upo hapa hapa ndani, hatujauza, hatujashika hela ya mtu, sasa tumemuibia nani? Hilo swali nalielewa vizuri kwa sababu na mi niliuliza hivo hivo, nimesimama katikati ya ghala saa nne usiku, mikono imejaa vumbi la katoni, mbele yangu maafisa watatu na kitabu changu kiko mezani kimefunguliwa ukurasa wa Ijumaa.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha vinywaji vikali. Jina la kiwanda naliacha.

Walikuja Jumatatu asubuhi bila taarifa na kitu cha kwanza walichofanya hawakwenda ghalani kabisa, walikuja ofisini kwangu wakaomba rejista ya uzalishaji ya kila siku, wakaangalia mstari wa mwisho nilioandika, wakachora mstari wa wino mwekundu chini yake na kusaini, wakaandika na saa na dakika. Mda ule sikuelewa maana yake. Maana yake ni kwamba kuanzia dakika ile hakuna mtu anaweza kuongeza kitu, chochote ambacho hakijaandikwa juu ya ule mstari ni kama hakijazalishwa, na kama kikionekana ghalani basi ni mzigo usio na kumbukumbu na hapo sheria inaanza kuongea. Mstari wangu wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa jioni. Na laini ya uzalishaji ilikuwa imeendeshwa Ijumaa usiku kucha mpaka Jumamosi mchana.

Wakahesabu ghala lote. Ilichukua siku nzima. Kitabu kikasema kiasi fulani, sakafu ikasema kingine, na tofauti ikawa katoni 412 zaidi ya zilizoandikwa, zimepangwa nyuma ya kreti tupu kwa sababu mbele palikuwa pamejaa. Hapo nyuma ya kreti ndo palituumiza kuliko hata hesabu, maana ukimwambia afisa kwamba mzigo usioandikwa umewekwa nyuma ya vitu vingine kwa sababu ya nafasi tu, atakuangalia usoni na kuandika neno moja, umefichwa.

Nilimwambia yule afisa kiongozi, mama mmoja mtulivu sana hakupandisha sauti hata mara moja, nikamwambia bosi hii ni ziada tu, ingekuwa pungufu ningeelewa. Akanijibu, dada, pungufu inanionyesha kilichotoka jana, ziada inanionyesha kitakachotoka kesho. Nilikasirika, nilimuona mtu mbaya. Imenichukua mda mrefu kukubali kwamba kwa upande wa kazi yake alikuwa sahihi, na nataka nieleze kwa nini, maana nadhani wengi wetu tunafundishwa kujaza rejista bila kuambiwa rejista ni ya nini.

Ushuru wa bidhaa si kama kodi ya mauzo. Kodi ya mauzo inasubiri mtu anunue. Ushuru wa bidhaa unazaliwa pale kitu kinapotengenezwa, chupa ikishafungwa kifuniko na kubandikwa lebo deni limeshakuwepo, ila kwa kuwa serikali haitaki kukubana kabla hujauza inakuruhusu ulilipe mzigo unapotoka kiwandani. Kwa iyo kati ya kuzaliwa kwa deni na kulipwa kwake kuna kipindi mzigo unakaa ghalani kwako, wiki, mwezi, kwa pombe za kuzeeshwa kwenye mapipa hata miaka, na kipindi chote hicho kinachoiambia serikali kwamba deni lipo ni kitabu ulichoandika wewe mwenyewe. Mdaiwa ndo anashika kitabu cha madeni! Ukilifikiria hilo unaona kwa nini kutokuandika kumefanywa kosa linalojitegemea. Katoni isiyoandikwa siku ikitoka getini usiku bila invoisi hakuna hesabu yoyote itakayovunjika, salio la kitabu litabaki linalingana na ghala, mkaguzi akija kesho yake atakuta kila kitu safi. Wizi wa ushuru unakuwa umeshakamilika kwa sehemu kubwa siku ya kutengeneza, kutoa getini ni kumalizia tu.

Na hili si jambo la juzi. Uingereza Bunge lilipoanzisha ushuru wa aina hii mwaka 1643, John Pym akiwa ndo msukumaji mkuu, walikuwa wanatafuta hela ya vita dhidi ya mfalme Charles I, na tangu enzi hizo wakaanza kuwa na maafisa wanaoingia kwa watengeneza bia na pombe kupima mapipa kwa fimbo na kuandika kilichomo, maana walijua wakisubiri mlangoni watachelewa. Mshairi wa Scotland Robert Burns alifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 1789, anapanda farasi wiki nzima kwenda kupima mapipa ya watu. Na Thomas Paine, huyu aliyekuja kuwa maarufu kwenye mapinduzi ya Marekani, alikuwa afisa ushuru pia na mwaka 1765 alifukuzwa kazi kwa sababu aliandika kwamba amekagua mizigo ambayo hakwenda kuikagua. Hiyo habari ya Paine naipenda kuwasimulia vijana, kwa sababu inaonyesha kitabu kilikuwa kinambana kila aliyekigusa, mtengenezaji anayeacha kuandika kilichopo na afisa anayeandika asichokiona wote walikuwa wanaharibu kitu kile kile.

Basi turudi kwangu. Hizi 412 zilikuwa za makundi matatu na kila kundi lina kisa chake, na naomba usome hapa taratibu maana kama wewe uko kiwandani nina uhakika angalau kundi moja unalo ghalani saa hizi.

Kundi la kwanza katoni 236, za shifti ya usiku wa Ijumaa. Supavaiza wa usiku hakuwa na ufunguo wa ofisi yangu, rejista ilikuwa imefungiwa, kwa iyo akafanya walichokuwa wanafanya miaka yote, akachana kipande cha katoni akaandika kwa kalamu nene tarehe, shifti, namba ya bachi, idadi na saini yake, akakichomeka kwenye paleti ili mzee wetu wa ghala akija Jumatatu anipe nami niingize. Mzee alifika Jumatatu, mimi nikafika, na maafisa wakafika kabla hatujasalimiana vizuri. Hizi ndo zilizotuumiza zaidi kwa idadi. Maafisa walihesabu paleti 4 wakazidisha kwa 60 wakaandika 240, mzee akasema hapana naomba tushushe paleti ya mwisho tuhesabu moja moja, wakashusha, ikawa na 56. Katoni 4 unaona ndogo lakini adhabu inapigwa kwa kila katoni, na zaidi ya hapo ile 236 ikaja kulingana na kile kipande cha katoni, ingebaki 240 kipande kingeonekana cha uongo. Kwa iyo ukihesabiwa usikubali hesabu ya kuzidisha, shusheni, hesabuni pamoja, kila ukurasa wa hesabu usainiwe na pande zote mbili.

Kundi la pili katoni 140 zilikuwa zinasubiri majibu ya maabara. Sisi tulikuwa na mazoea kwamba bidhaa ambayo maabara haijaipitisha si bidhaa bado, inaweza kumwagwa au kurudishwa kwenye tangi, kwa iyo hatukuiingiza kwenye rejista mpaka karatasi ya maabara ije. Kwa mantiki ya kiwanda hiyo ni sawa kabisa. Shida ni kwamba hatukuwa na kitabu kingine chochote kinachosema zipo na zinasubiri. Ukisema hazijakamilika, afisa anakuuliza mbona zina lebo, mbona zina kifuniko, mbona ziko kwenye katoni iliyofungwa gundi? Swali la lini bidhaa inakuwa imekamilika ni la kisheria, linabishaniwa mpaka kwenye mabaraza ya rufaa, lakini huwezi kulibishania kwa mdomo, unalibishania kwa karatasi iliyoandikwa kabla ya afisa kuja.

Kundi la tatu katoni 36 tu, zilirudishwa na mteja lebo zimepinda, tubandike upya. Hizi ushuru wake ulishalipwa zamani zilipotoka mara ya kwanza! Inauma zaidi kuliko zote. Lakini zilipita getini kurudi ndani bila kuandikwa kwenye kitabu cha mizigo iliyorudi, kwa sababu dereva alikuja saa ya chakula na mlinzi akawafungulia tu, na katoni ikishaingia kiwandani bila karatasi haina historia, inafanana na ndugu zake zilizotengenezwa usiku.

Unaona hapo hakuna mwizi. Na hapa ndo penye ugomvi wa kweli wa sheria za namna hii, je uadhibiwe kwa kutoandika tu au uadhibiwe ukiwa ulikusudia kukwepa?

India walilipitia hili kwa undani kuliko sehemu nyingi ninazozijua na maamuzi yao nimeyasoma sana baada ya yale yaliyotukuta. Kanuni zao za mwaka 2002 za ushuru wa bidhaa, kanuni ya 10 ilimtaka mtengenezaji aandike kila siku salio la kuanzia, kilichozalishwa, kilichotolewa, kilichobaki na ushuru uliolipwa, na vitabu vikae miaka 5. Halafu kanuni ya 25 ikasema asiyeandika bidhaa alizotengeneza au kuzihifadhi, bidhaa zenyewe zinaweza kutaifishwa na yeye akapigwa adhabu isiyozidi ushuru wa hizo bidhaa au kiwango fulani kilichowekwa, kipi kikubwa. Ukiisoma kanuni ya 25 utaona makosa yamepangwa kwa herufi, na kosa la kutoandika limesimama peke yake bila neno kusudi, wakati kosa lingine chini yake limeandikwa wazi kwamba ni kukiuka kwa nia ya kukwepa ushuru. Mawakili wa serikali wakasema basi, neno kusudi halipo, haliangaliwi. Mawakili wa viwanda wakasema huwezi kumtaifishia mtu mali yake iliyo ndani ya ukuta wake kwa sababu karani alichelewa kuandika, lazima uonyeshe alikuwa anajiandaa kuitoa kwa siri. Na maamuzi yakagawanyika kweli, wengine huku wengine kule, kwa miaka.

Pembeni ya hiyo kulikuwa na kifungu kikali zaidi kwenye sheria yao ya ushuru yenyewe, 11AC, cha adhabu inayolingana na ushuru wote uliokwepwa kwa ulaghai au kuficha taarifa. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya India kwenye kesi ya Dharamendra Textile ikaeleweka na wengi kwamba adhabu ni lazima tu, nia isiulizwe, maafisa wakaanza kuitumia kila mahali, mpaka mwaka 2009 mahakama hiyo hiyo kwenye kesi ya Rajasthan Spinning ikabidi ifafanue kwamba hapana, masharti ya kifungu chenyewe, yaani ulaghai, kuficha, kukusudia, lazima yawepo kwanza, yakiwepo ndo kiwango cha adhabu kinakuwa hakina majadiliano. Mimi naona ule ufafanuzi ndo haki inavotakiwa kuwa. Ushuru wa bidhaa nyingi kule uliingizwa kwenye mfumo mpya wa GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, tarehe 1 Julai 2017, tumbaku na mafuta ya petroli vikabaki, lakini lile bishano halijafa, popote penye kitabu na ghala utalikuta.

Nirudi kwa upande wa pungufu kidogo maana watu wanaiogopa peke yake. Kwenye pungufu, yaani ghala likiwa na mzigo mdogo kuliko kitabu, sheria inafanya kazi kwa kudhani. Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao inayoitwa Directive 2020/262, iliyoanza kutumika Februari 2023, wanasema bidhaa ikipotea kabisa au kuharibika kwa ajali ushuru haudaiwi, lakini ni juu yako kuthibitisha, ukishindwa inahesabiwa kwamba umeitoa kwenda kwa walaji na ushuru unadaiwa. Nchi nyingi ziko hivo kwa namna moja au nyingine. Na kwenye vinywaji vikali upotevu ni wa kweli, pipa la whisky la Scotland linapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza tu, kwa iyo sheria zinaruhusu kiasi fulani.

Ila kuna ziada ya uongo pia na hii imewatoa watu jasho bure. Spiriti inatanuka kwa joto. Tangi la lita 50,000 la spiriti kali likipanda joto kwa nyuzi 10 litasoma kama lita 500 zaidi, hakuna aliyeongeza hata tone. Ndo maana kipimo cha pombe kwenye ushuru kwa kawaida kinarudishwa kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, na asiyejua kurudisha anaandika asubuhi namba moja na mchana afisa anasoma nyingine. Kama tangi lako halina kipimajoto na jedwali la kurudishia hesabu, weka leo kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Na maafisa hawaishii kuhesabu. Ukiwa na ziada wataenda nyuma, watahesabu vifuniko ulivyonunua, lebo ulizochapisha, chupa, sukari, spiriti iliyoingia, umeme uliotumia, wajenge uzalishaji wako upya kutokea kwenye malighafi waone kama 412 ni za wikendi moja au ni za kila wikendi. Umeme peke yake mahakama za India zilishakataa kuufanya ushahidi wa uzalishaji wa siri, na ni sawa, mashine mbovu inakula umeme bila kutoa kitu. Lakini vifuniko na lebo vinasema kweli. Kwetu vilisema kweli kwa faida yetu, vifuniko vilivyotumika na chupa zilizoandikwa ukijumlisha na hizo ghalani vililingana na upotevu wa kawaida wa mashine, na hilo tukaja kulishika kama mtu anayezama anavoshika kamba.

Sasa nije kwenye kosa langu mimi mwenyewe ambalo mpaka leo linaniuma.

Usiku ule saa nne na nusu baada ya kuhesabu walikaa kuandika maelezo yangu. Sijala tangu asubuhi, nimechoka, naogopa, simu ya mkurugenzi haipokelewi. Afisa kijana ndo alikuwa anaandika, ananiuliza najibu, anaandika kwa maneno yake. Mwisho akanisomea haraka haraka na nikasaini. Ndani yake palikuwa na sentensi moja, kwamba bidhaa hizo hazikuandikwa kwenye rejista na zilihifadhiwa pembeni hadi hapo zitakapohitajika kutolewa. Mimi nilichosema ni kwamba zilikuwa zinasubiri kuandikwa. Kusubiri kuandikwa na kusubiri kutolewa, angalia hiyo tofauti, neno moja tu, na hilo neno ndo lililobeba nia yote ya kukwepa kwenye notisi waliyotuandikia baadae. Sisemi kijana alikusudia, alikuwa amechoka kama mimi. Ila nilikuwa na haki ya kusoma mwenyewe, kuomba ibadilishwe, kuandika kwa mkono wangu, hata kusema nasaini kesho nikiwa na mtu wa kunishauri. Hakuna aliyeniambia na sikuuliza.

Mzigo ukafungwa kwa lakiri pale pale ulipo. Baada ya siku kadhaa kiwanda kikaweka dhamana mzigo ukaachiliwa kwa masharti, halafu ikaja notisi ya kujieleza, kwa nini katoni 412 zisitaifishwe na kwa nini adhabu inayolingana na ushuru wake wote isitozwe. Mkurugenzi aliyekuwa hapokei simu akapokea sasa. Kikao cha kwanza hakikuwa cha kujibu notisi, kilikuwa cha kutafuta mtu. Na mtu akapatikana, mzee wetu wa ghala. Aliandikiwa barua kwamba alizembea kuwasilisha taarifa za uzalishaji kwa karani na akaachishwa kazi ndani ya wiki 2, miaka yake yote pale, na mimi nimekaa kwenye kile kikao nikanyamaza. Nilikuwa mdogo na nilikuwa naogopa kwamba wakimuacha yeye ni mimi. Hakuna aliyeuliza swali rahisi, nani alipanga laini iende usiku na Jumamosi bila kupanga nani ataandika? Ule uamuzi ulifanyika ghorofani kwa ajili ya oda kubwa, na adhabu ikashuka ngazi mpaka ghalani. Nasema hivi kwa uzito, sheria nyingi za ushuru zinamuadhibu mtengenezaji, yaani mwenye kibali, na ni sahihi, maana yeye ndo anaamua laini iende lini. Kiwanda kikichukua ile adhabu na kuigeuza barua ya kumfukuza mtu wa mshahara mdogo kinakuwa kimelipa hela tu, tatizo bado wanalo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mbaya. Zote 412 zikatangazwa kutaifishwa, tukapewa nafasi ya kuzikomboa kwa faini, na juu yake adhabu sawa na ushuru wake. Sentensi yangu ilinukuliwa mara 2.

Tukakata rufaa, na safari hii alikuja mshauri ambaye kazi ya kwanza aliyotupa ni kukusanya kila karatasi ambayo haikuandikwa kwa ajili ya afisa. Maneno yake ni hayo. Kitabu cha mlinzi getini, tiketi za mzani wa malori, jedwali la mafuta ya magari, risiti za vifuniko, daftari la fundi wa mashine lenye saa za kuwasha na kuzima, fomu za maabara za zile 140 zenye tarehe ya sampuli, barua pepe ya mteja akilalamikia lebo za zile 36. Na kile kipande cha katoni. Nilikitafuta siku 2 nikakikuta kwenye droo ya mzee, alikuwa amekihifadhi kwenye bahasha pamoja na vingine kama 50 vya miezi ya nyuma, vyote vimeandikwa, vyote vina tarehe, na kila kimoja ukikipeleka kwenye rejista yangu unakuta idadi ile ile imeingizwa siku iliyofuata. Vile vipande vilionyesha kwamba usiku tuliandika, mahali pasipo sahihi lakini tuliandika, na kwamba kila mara kilichoandikwa kwenye kipande kilifika kwenye kitabu. Vingetengenezwa baadae visingekuwa na mafuta ya mashine ya miezi 7.

Baraza la rufaa likasema zile 140 hazikuwa bidhaa zilizokamilika kwa vile maabara haijazipitisha na fomu zinathibitisha, utaifishaji wake ukafutwa. Zile 236 na 36 kosa la kutoandika lipo, halikuondoka, faini ya kukomboa ikabaki, lakini hakuna ushahidi wowote kwamba katoni hata moja ilitoka au iliandaliwa kutoka bila ushuru, na maelezo ya mdomo ya karani aliyehojiwa usiku hayatoshi kubeba nia yakisimama peke yake mbele ya karatasi zote hizo. Adhabu ikashushwa mpaka robo. Niliona ni uamuzi wa haki na bado naona hivo, tulikosea na tulilipa kwa kiasi tulichokosea.

Saivi nashika vitabu sehemu nyingine na nimekuwa mtu wa kusumbua. Rejista iko kwenye laini yenyewe, haiko ofisini kwa mtu mwenye ufunguo, ina kurasa zenye namba zilizochapishwa, na supavaiza wa usiku anaandika kila paleti inapofungwa, si mwisho wa shifti. Bidhaa inayosubiri maabara ina kitabu chake na eneo lake lenye rangi sakafuni. Kinachorudi getini mlinzi anakizuia mpaka karatasi ije hata kama dereva anapiga kelele. Ikiandikwa kimakosa hatufuti, tunachora mstari mmoja juu yake, tunaandika sahihi pembeni na kusaini. Na wikendi ikiwa na oda, kabla laini haijawashwa nauliza nani anaandika, nikijibiwa tutaona naomba isiwashwe. Nimeshagombana na watu kwa hilo.

Uamuzi wa rufaa ulipotoka nilichukua nakala nikaenda kwa mzee nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa kile kikao nilichonyamaza, nikamuomba, akanisikiliza mpaka mwisho hakusema neno. Halafu akavaa miwani akasoma ule uamuzi wote, kurasa 11, kidole kinafuata mistari, alipofika kwenye aya inayotaja vipande vya katoni alirudia kuisoma. Akakunja karatasi akanirudishia, akaniuliza, mwanangu, na zile 36 za lebo, mliziingiza kwenye kitabu cha mizigo iliyorudi?

Nikamwambia tuliziingiza.

Akasema tarehe waliyorudisha au tarehe mliyoandika? Nikamwambia zote mbili, kila moja kwenye safu yake.